Sikuangalia Kitu

Jina langu Kakule. Ukilisikia tu
umeshajua nilitoka tumboni wa nne, nyuma ya kaka watatu,
umeshajua milima tuliyotelemka na lugha aliyonililia bibi.
Pale kizuizini, njia ya Sake, mtu mwenye bunduki
haangalii picha kwenye kadi. Anasoma jina.
Analisoma taratibu, kama anayeonja mchuzi,
nami nasubiri nijue kama leo chumvi imekolea.

Ndiyo maana usiku, Majengo ikishanyamaza,
chukudu zimelazwa ubavu kwenye mawe meusi,
nafunga kibanda cha simu kwa ndani, nawasha kompyuta ya kuungaunga,
naingia mji ambao haupo.
Kule mimi ni Korongo. Basi.
Nina miguu mirefu na kanzu ya kijani, sina ukoo.
Nimejenga nyumba kwenye udongo mwekundu, laini,
udongo usiokata nyayo, usiokumbuka moto.
Ilinigharimu usiku kumi na tisa
na megabaiti za mwezi mzima.

Jirani yangu kule anaitwa Bibi Chumvi.
Hajawahi kuniuliza kabila. Aliniuliza
kama napenda maharage yaliyolala.
Mwaka wa pili huu tunapanda miti isiyodondosha jani.
Yeye hunisimulia ndoto, mimi humsimulia madeni.
Mama alipolazwa, ni yeye aliyekesha nami,
ameketi kwenye ngazi yangu, hatikisiki,
mara mojamoja akiandika: nipo.

Kitu kimoja nilikigundua, nikakifukia:
umeme wa kwetu ukikatika,
naye hukatika.

Halafu Jumanne moja mzee wa ng'ambo ya ukuta wa mbao,
mgane, mstaafu wa posta, mwenye koti moja la sufu,
akaniletea tableti imefungwa kwenye kitenge cha marehemu mkewe.
"Fundi, haikubali tena kula umeme."

Niliifungua mgongo kwa bisibisi.
Kazi hii ni ya daktari na ya mwizi kwa pamoja:
nimekutana na picha ambazo wake hawajaziona,
ujumbe wa wachungaji, salio la wanaojililia njaa.
Nimejifunza kuangalia waya tu.
Lakini kioo kiliwaka chenyewe, palepale alipoachia,
nikaiona nyumba yangu
kutoka dirishani mwake.

Sikujua kwamba paa langu limepinda.
Sikujua kwamba amepanda maua yanayotazama mlango wangu,
safu mbili, na benchi fupi katikati.

Nikazima.
Mtasema: hukukasirika?
Mwanamume mzima, mwenye mvi, kujiita Bibi?
Nilijaribu. Nilitafuta hasira kama mtu anayetafuta funguo mfukoni,
nikakuta vumbi na risiti.
Mimi nami si korongo.
Na yule aliyekesha ngazini alikesha kweli,
kwa macho mawili ya kweli, yenye mtoto wa jicho,
hatua nne kutoka kitandani kwangu.

Alipokuja kuichukua nilimwambia,
"Imepona, mzee. Sikuangalia kitu."
Alihesabu faranga, noti mojamoja, kwa mate ya kidole,
kisha akanitazama zaidi ya inavyohitajika.
"Hivi unaitwa nani wewe?" Miaka sita tumegawana ukuta.
"Fundi inatosha."
"Inatosha," akasema. "Kweli inatosha."

Jina lake ninalo, limo kwenye daftari la risiti.
Hapa hamtalisikia.

Usiku ule Bibi Chumvi akaandika:
leo nilikuwa mgonjwa, kuna kijana kanitibu, hakuuliza kitu.
Nikaandika: bahati yako.
Akaandika: yetu.

Nilikuwa bado natafuta neno la kujibu
umeme ukakatika, Majengo nzima ikawa nyeusi,
na nyuma ya mbao, karibu na kichwa changu,
nikasikia kiti kikisogezwa.